Mtoto Ambaye Sikumzaa Barbados

"Jibu swali, Mama. Huyu mtoto ni wa nani?"

"Mtoto gani?"

"Usiniulize mtoto gani! Tiffany. Ana miaka kumi. Miss Virginia amenieleza kila kitu, mpaka leso uliyomfungia mgongoni."

"Mimi?"

"Kwani nani mwingine? Mwafrika aliyekuwa akija kula kwake kila Ijumaa. Nimemwonyesha picha yako. Akapangusa mikono, akaishika simu, akasema ndiye, ndiye huyu."

Nilikuwa nimesimama jikoni mwa nyumba tunayokaa hapa Al Mansoura, Doha, nusu ya kitunguu mkononi. Ilikuwa Jumamosi saa kumi jioni. Kule Barbados alikokuwa binti yangu ilikuwa saa tatu asubuhi ya siku hiyo hiyo.

Nilikiweka kitunguu chini. Nikapunguza moto. Watu wakisikia kisa hiki huniuliza kama nililia. Sikulia. Nilinawa mikono kwa sababu ilikuwa inanuka.

"Fiona," nikasema, "mimi nina mtoto mmoja. Wewe."

"Ndivyo ulivyoniambia miaka yote."

"Ann yuko wapi?"

"Usibadilishe mazungumzo."

"Nauliza Ann yuko wapi."

"Yuko hapa. Nimekuweka kwa spika."

"Habari ya jioni, Mama Fiona," akasema Ann, kwa sauti ya mgeni aliyekuta watu wanagombana mezani na bado chai haijaletwa.

Kama ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, pokea yaliyopita kwa ufupi. Sina maneno mengi.

Naitwa Phoebe Nyanchama, mtu wa Kisii, mwenye diploma ya usimamizi wa hoteli. Nilikuja Doha miaka kumi na miwili iliyopita nikiahidiwa kazi ya mapokezi. Wakala alinichukua uwanja wa ndege, akanishusha Al Rayyan kwenye nyumba ya familia, nikapewa ndoo na aproni, nikawa kadama, yaani mtumishi wa nyumbani. Miaka miwili nikafua, nikapiga pasi, nikaosha sakafu. Nyumbani sikumwambia mtu. Mama yangu aliuza ng'ombe wawili ili nipate ile diploma.

Kabla hiyo miaka haijaisha, binamu yangu Silvesta, mlinzi hapa hapa Doha, akaanza kunisumbua kwamba atakuja kunitembelea kazini, anione nimevaa suti ya mapokezi. Nikamwandikia kwamba kampuni imenihamishia Barbados.

Kwa nini Barbados? Kwa sababu Madam wa ile nyumba alikuwa amerudi kutoka huko likizo na kijitabu cha watalii, akakiacha juu ya meza ya pasi. Mahali pa kula, mahali pa kulala, mahali pa kucheza muziki. Nilikisoma huku nikipiga pasi mpaka nikakijua kwa moyo. Na kwa muda wote uliobaki nikawa namwandikia Fiona, aliyekuwa shule ya bweni Nairobi, habari za kisiwa ambacho sijawahi kukikanyaga, mpaka nilipomwambia nimerudishwa Doha.

Sasa Fiona ni muuguzi hapa Qatar, anakaa Al Wakrah. Likizo yake ya kwanza kubwa ameipeleka wapi? Barbados. "Nataka kuona ulipokuwa, Mama." Akamchukua rafiki yake Ann, muuguzi mwenzake, wakaondoka.

Wiki jana niliwaeleza walivyofika na masanduku manne, bila kukodi chumba popote, wakaenda moja kwa moja kwenye hoteli ya Miss Virginia. Wakakuta meza nne, karai la mafuta na samaki.

Hilo nalo lilikuwa kosa langu. Kwetu hoteli ni pale unapokula. Unaagiza chai na chapati, unafuta mdomo, unaondoka. Pa kulala tunapaita lojing, na mwanamke wa kanisa hatamki neno hilo mbele ya mtoto. Kwa hiyo nilipoandika, "Ijumaa nilikuwa hoteli ya Miss Virginia," nilimaanisha nimekula samaki pale. Fiona alielewa kwamba ndipo ninapofanya kazi na kulala. Nilipogundua ameelewa vile, nilinyamaza. Ilinifaa. Tena nikamwongezea, "Siku moja ukifika, sema wewe ni mtoto wa Nyanchama, utapewa chumba."

Alisema. Miss Virginia akamtafutia chumba kwa jirani. Ni mwanamke mwema. Wema wake ndio umenimaliza.

Turudi jikoni.

"Miss Virginia amekosea," nikasema. "Anapika samaki wa watu mia kwa siku. Hawezi kukumbuka sura."

"Amekumbuka leso, Mama. Amesema kitambaa kilikuwa na maandishi chini. Nani mwingine duniani anabeba mtoto kwa kitambaa chenye maandishi?"

"Mwanamke yeyote kutoka kwetu."

"Na wangapi kutoka kwetu walikuwa Barbados mwaka huo?"

Inaelekea alikuwapo mmoja. Mungu amrehemu popote alipo.

"Huyo mama alimwacha mtoto akiwa na miezi minane," Fiona akaendelea. Sauti yake ilikuwa inapanda. "Alimwacha kwa mwalimu mmoja mstaafu, akasema anaenda kutafuta karatasi za uhamiaji, atarudi. Hakurudi. Wewe mwaka huo huo ukarudi Doha. Nimepiga hesabu zote za miezi, na Ann amezipiga upya."

"Mimi nilikuwa nahesabu tu," akasema Ann. "Sikusema neno."

"Na Nyanya," Fiona akasema.

Nilijua tungefika hapo.

"Nyanya alipokufa, Machi, ulituandikia kwamba kimbunga kimefunga uwanja wa ndege. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilisimama kaburini, watu wananiuliza mama yako yuko wapi, mimi nawaambia kimbunga. Jana nimemwambia Miss Virginia, akacheka mpaka akaketi. Machi hakuna vimbunga huku, Mama. Msimu wake unaanza Juni. Kila mtoto wa huku anajua. Na Tiffany alizaliwa mwezi gani? Machi!"

Kile kijitabu kilikuwa na sura moja ya vimbunga. Niliiruka. Niliona haihusiani na kula wala kulala.

"Sasa nimeelewa," Fiona akasema, na hapo sauti ikashuka. "Ulikuwa unajifungua. Ungeniambia tu. Ningekasirika, halafu ningezoea."

"Fiona, sikiliza. Sijawahi kufika Barbados."

Akacheka, cheko fupi, kavu.

"Mama."

"Sijawahi kufika. Hata siku moja."

"Mama, nimelala kwenye mji ulioniandikia. Uliniambia teksi hazina mita, tukubaliane nauli kabla ya kuketi. Kweli. Uliniambia nisipakie nguo za madoadoa ya jeshi, kwamba raia haruhusiwi kuzivaa. Kweli, Ann imebidi afiche kofia yake. Uliniambia Ijumaa jioni niende soko la samaki la Oistins, nisikae kwenye meza za mbele, nifuate moshi na mstari mrefu wa wenyeji. Kweli. Uliniandikia kwamba nikiletewa kuku nisitafute paja, kwamba chakula wanachokiita kuku huku ni ugali uliosongwa na bamia. Jana nimeiagiza. Ugali na bamia, Mama! Na ule mti wa ufukweni uliopigwa mstari mwekundu, wa kutosimama chini yake mvua ikinyesha kwa sababu maji yake yanababua ngozi. Nimeuona. Mstari mwekundu, kila kitu. Ulijuaje?"

"Nilisoma."

"Wapi?"

"Kwenye kijitabu."

"Kijitabu cha nani?"

Neno lilikuwa hapa kooni. Madam. Ningesema Madam, mengine yote yangefuata yenyewe. Miaka kumi nimelimeza, na siku ninayolihitaji likakataa kutoka.

"Cha mtu fulani," nikasema.

"Cha mtu fulani," Fiona akarudia. "Sawa. Saa tano tunaenda kwa huyo mwalimu. Miss Virginia anatupeleka. Nitamwambia Tiffany kwamba mimi ni dada yake. Wewe kaa huko na kijitabu chako."

Akakata.

Nilipiga tena. Hakushika. Nikaandika ujumbe, "Usiende," na "Si mtoto wangu, naapa." Hakuusoma. Nikapiga mara ya tano, simu ikasema mtu huyu hapatikani.

Saa tano ya kule ni saa kumi na mbili jioni ya hapa. Nilikuwa na chini ya saa mbili.

"Mama Fiona, sufuria!"

Huyo ni Proscovia, Mganda, tunakaa naye chumba kimoja. Anasafisha ofisi za watu hapa mjini. Alikuwa amesimama mlangoni na taulo kichwani, na kwa sura yake niliona amesikia yote.

"Banange," akasema. "Wewe umezaa Barbados bila kwenda Barbados? Hata Bikira Maria alikuwepo."

"Proscovia, leo sina nafasi ya mzaha."

"Mimi pia sina. Nauliza. Si unaambia mtoto ukweli? Ulikuwa kazi ya nyumba, Al Rayyan. Maneno sita tu."

"Unadhani ni rahisi."

"Kwani mimi nimefanya kazi gani miaka mitano kabla ya hii ofisi? Nimekufa? Nina pembe?" Akavua taulo, akalitundika kwenye kiti. "Watoto wangu wanajua. Mdogo aliandika hata kwa insha ya shule, mama yangu anafagia nyumba ya tajiri Doha. Mwalimu akampa alama nzuri."

"Wewe hukuwa na diploma."

Nilisema vile. Lilitoka kabla sijalipima.

Proscovia akaniangalia kwa muda. "Ahaa," akasema. "Kwa hiyo aibu yenyewe ni kufanana na mimi."

"Ndiyo," nikasema.

Sikutaka kumdanganya na yeye. Aliketi, akachukua kisu, akaendelea kukata kitunguu changu pale nilipoachia. Hakusema neno la ukali. Ningependa angesema.

Sasa niungame jambo ambalo hata Proscovia sikumwambia.

Nilipokuwa nimesimama pale na simu mkononi, nilifikiria kumwacha Fiona aamini. Nilifikiria sawasawa, kama mtu anayepanga safari. Fiona angekasirika mwezi, labda mwaka. Kisha angezoea, alivyosema mwenyewe. Angekuwa na dada, kitu alichokiomba tangu akiwa mdogo. Na mimi ningekuwa mama aliyekosa mazishi kwa sababu alikuwa anajifungua mbali na kwao. Watu husamehe hilo. Wanawake hata hulia wakilisikia.

Ukweli haukuwa na machozi ya namna hiyo. Siku mama yangu alipozikwa, nilikuwa Al Rayyan napiga pasi mashuka. Uwanja wa ndege ulikuwa mwendo wa nusu saa. Na hapa ndipo nimewaficha hata ninyi wasomaji, maana katika toleo la tatu niliandika kwamba Madam alinikatalia ruhusa.

Hakunikatalia. Sikumwomba.

Ilikuwa imebaki miezi miwili nimalize mkataba. Madam alikuwa ameahidi kuniandikia barua ya kunifungua nihamie hoteli moja mjini, hoteli ya kweli, ya mapokezi na suti. Niliogopa nikiomba ruhusa ya kwenda kwetu atafikiri sitarudi, na barua ipotee. Basi asubuhi ile nilipopata habari ya msiba, niliingia bafuni, nikafungua bomba, nikakaa dakika kumi, nikatoka, nikauliza kama watoto watakula mayai.

Kimbunga kilikuwa ni mimi.

Simu ikalia mlio wa ujumbe. Nilidhani ni Fiona. Alikuwa Ann.

"Mama Fiona, nakuandikia chooni, Fiona hajui. Yule mwalimu amempigia Miss Virginia sasa hivi. Anasema mtoto ameshaambiwa kuna mtu wa familia yake anakuja. Wanamsuka nywele. Amevaa nguo ya kanisa. Ameuliza kama ataitwa kwa jina lake au kwa jina lingine la huko Afrika. Mama, kama si wako tafadhali sema mapema."

Niliusoma ule ujumbe kwa sauti.

Proscovia akaacha kukata. "Mtoto wa watu amesukwa nywele," akasema polepole. "Halafu kesho Fiona anagundua. Halafu yule mtoto anaachwa mara ya pili na watu ambao hata si wake."

"Nimesikia."

"Mama Fiona, wewe ni mtu mgumu lakini si mtu mbaya."

"Nimesema nimesikia. Viatu vyangu viko wapi?"

"Unaenda wapi?"

"Maneno hataamini. Karibu kila nilichomwandikia kuhusu Barbados kimetokea kuwa kweli, kwa hiyo hili la kweli ataona ndilo uongo. Lazima aone kwa macho."

"Aone nini?"

"Nyumba."

Proscovia aliingia chumbani akarudi na viatu vyangu na chaja ndogo ya mkononi. "Betri yako ina asilimia kumi na nane," akasema. "Hutaki kuzimikiwa katikati ya toba."

Hapa kwetu treni ya chini kwa chini haina kona, mstari wa kijani unakutoa Al Mansoura mpaka Al Rayyan bila kubadilisha. Nilipanda saa kumi na moja na dakika tano. Kiti kilikuwapo ila sikuketi. Nilimwandikia Ann.

"Si wangu. Nitapiga kwa video kwenye simu yako kabla hamjabisha. Hakikisha Fiona anaona. Usimwambie sababu."

Akajibu, "Miss Virginia ameshawasha gari."

"Mcheleweshe."

"Vipi?"

"Wewe ni muuguzi. Umwa tumbo."

Baada ya vituo viwili akajibu. "Nimejilaza. Fiona anasema ni ile bamia. Miss Virginia amekasirika, anasema bamia yake haijawahi kuumiza mtu."

Nilitoka Al Rayyan Al Qadeem, nikachukua teksi. Dereva alikuwa Mkenya, nilimjua kwa redio yake. Nikamtajia mtaa.

"Unaenda kutembea, mamaa?" akauliza.

"Naenda kubisha hodi."

"Wanakujua?"

"Wananijua zaidi ya watu wa kwetu."

Hakuuliza zaidi. Nilimwelekeza kona zote bila kutazama namba za nyumba. Sikuwa nimerudi kwenye mtaa ule tangu siku niliyoondoka na begi langu moja na barua. Ukuta umepakwa rangi mpya. Miti ya pembeni imekua. Nilishuka, nikasimama kwenye kivuli cha ukuta. Saa ilikuwa kumi na mbili kasoro dakika kumi na mbili.

Nikapiga. Ann akashika mlio wa kwanza.

Niliona dari ya gari, kisha kidole, kisha uso wa Fiona. Amechomwa na jua puani. Alikuwa amevaa hereni nilizompa alipomaliza chuo cha uuguzi.

"Ann, kwa nini umeshika?" akasema. "Si nilikwambia?"

"Mwangalie tu, Fiona," Ann akasema. "Dakika moja."

"Mko wapi?" nikauliza.

"Nje kwa mwalimu. Miss Virginia ameenda kubisha."

"Mwite arudi."

"Siwezi."

"Fiona, mwite arudi kwenye gari sasa hivi. Baada ya hapo unaweza usiniite mama mpaka nife, sitakulaumu. Mwite kwanza."

Sijui alisikia nini katika sauti yangu. Haikuwa na kitu, nakumbuka, ilikuwa kama ya mtu anayesoma ratiba. Lakini aligeuka, akaita kwa Kiingereza nje ya dirisha. Nikasikia sauti ya mwanamke mzima ikijibu, "Kuna nini tena?"

"Haya," Fiona akasema. "Anangoja. Hapo ulipo ni wapi?"

"Al Rayyan."

"Unafanya nini Al Rayyan?"

Nikageuza simu. Nikamwonyesha ukuta, geti, vyungu vya maua, dirisha dogo la pembeni lililo karibu na matangi ya maji.

"Unaliona lile dirisha dogo?"

"Naliona."

"Ndicho chumba changu. Nililala humo miaka miwili. Barbados yako yote niliiandika humo ndani. Meza ya pasi ilikuwa chini ya hilo dirisha, na kijitabu kilikuwa juu ya meza. Nilikuwa nafua nguo za watu, Fiona. Sikuwahi kuvaa suti ya mapokezi mpaka nilipotoka humo."

Nikaigeuza simu, anione uso.

"Na siku ya kumzika Nyanya nilikuwa hapa. Hakuna aliyenizuia. Sikuomba ruhusa. Niliogopa kupoteza barua ya kazi."

Nikaona mdomo wake ukifunguka kidogo, ukafungwa. Nyuma yake Ann alikuwa ametazama chini. Tumbo halikuwa linamuuma tena.

"Hivyo ndivyo ilivyo," nikasema. "Huyo mtoto ana mama yake, na si mimi."

Gari moja lilipita mtaani kwangu, jingine likapita mtaani kwake.

"Mtu yeyote anaweza kusimama mbele ya geti la watu," Fiona akasema hatimaye. Sauti ilikuwa imechoka kabisa. "Mama, umeniandikia mji mzima kutoka kichwani. Mti, ugali, mpaka moshi. Geti moja linakushinda nini? Nitajuaje kwamba hili si lile lile?"

Alikuwa na haki. Nami sikuwa na kijitabu cha kumwonyesha, wala picha, wala mtu wa kumwita. Katika miaka yote ile hakuna aliyenipiga picha na ndoo, na mimi nilihakikisha.

"Miss Virginia anauliza anabisha au habishi," Ann akasema kwa sauti ndogo.

"Mwambie angoje," nikasema.

Nilivuka kijia. Nikaiinua simu juu ya kichwa changu, kamera ikitazama ukutani, Fiona aone kila kitu, mkono wangu, kengele, na lile tundu la sauti lenye taa nyekundu. Nilikuwa nimeapa kwamba kidole changu hakitaigusa kengele ile tena. Nikaibonyeza. Sikuhisi hofu. Nilihisi kidole tu, na kitufe kilichopashwa na jua.

Kisha tundu likakwaruza, na sauti ya Madam, imezeeka kidogo, ikauliza kwa Kiarabu ni nani.

Nikasogeza mdomo. Nilijibu kwa Kiarabu changu cha jikoni, kisha nikarudia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika ndani ya gari lililosimama nje ya nyumba ya mwalimu Barbados.

"Ni Phoebe, Madam. Kadama wako."